Kitambaa Cheupe cha Machogu

Machogu wa Ekerenyo hakuwahi kuvuta sigara maishani mwake, na labda ndiyo maana aliamua kuwaokoa wavutaji. Huruma hiyo ilimwingia siku alipomwona mzee Mokua akikohoa pale soko la Daraja Mbili mpaka kofia ikaanguka, akaiokota, akaivaa, kisha akawasha fegi nyingine.

"Huyu ni mteja," Machogu akajiambia.

Meza yake ilikuwa langoni, anapopita kila mnunuzi wa ndizi; mahali ambapo asingempa hata mamake mzazi. Akaleta katoni ya sigara za umeme, akanunua vitambaa vyeupe vya mkono kwa jirani yake Ruqiya, muuza mitumba.

"Mzee Mokua, vuta fegi yako, pulizia hapa."

Mokua akapuliza. Kitambaa kikabaki na doa la kahawia. Machogu mwenyewe akavuta ya umeme, yenye harufu ya embe, akapulizia kitambaa cha pili. Cheupe pe.

"Lami ya moshi iko wapi? Nikotini iko wapi? Huu ni mvuke tu, ndugu zangu. Hata sufuria ya matoke hutoa."

Watu wakanunua, Mokua wa kwanza. Lakini kila mteja alitaka kujionea, kwa hivyo Machogu akapuliza asubuhi, akapuliza jioni, wiki baada ya wiki. Ruqiya, ambaye jicho lake hupima nguo na mwenye nguo pamoja, akaona jambo: siku hizi Machogu anapuliza hata pasipo mteja.

Asubuhi moja Ruqiya akangoja watu wajae.

"Kaka Machogu, huo ni mvuke tu?"

"Mvuke mtupu, dada."

"Nikotini je?"

"Sigara hii haijui hata jina lake."

"Basi kaa bila hicho kidude mpaka adhana ya alasiri. Ukiweza, nanunua katoni yote. Ukishindwa, nahamia meza yako hii ya langoni."

Wateja wakamkodolea macho. Kukataa kungekuwa kuizika biashara mchana kweupe.

"Kazi rahisi hiyo," akasema.

Kabla ya adhuhuri alikuwa ametafuna kifuniko cha kalamu kama panya. Akamfokea aliyeuliza bei. Akamfokea na aliyenyamaza. Mwishowe akaaga kwamba anaenda kukagua ndizi, yeye ambaye hakuwa na hata kichane.

Punde, nyuma ya rundo la ndizi likapanda wingu jeupe, zito.

"Dada Ruqiya," mzee Mokua akasema bila haraka kati ya wateja, "mwaka huu ndizi zinaiva na harufu ya embe."

Machogu akatokeza, jasho likimtiririka. "Nilikuwa nakagua betri."

"Sikatai, lami umenipunguzia," Mokua akamwambia. "Lakini kamba iliyonifunga kwa fegi ni hiyo hiyo. Karibu, mwanangu, tumefungwa mti mmoja."

Ruqiya alikuwa tayari anaburuta marobota yake kuelekea langoni.

"Lakini kitambaa kilitoka cheupe, dada. Uliona mwenyewe."

"Kilitoka cheupe. Kitambaa hakina hamu, kaka."

Akamrushia kimoja. Machogu akajipangusa jasho na vumbi lote la soko, kikawa kahawia kuliko kile cha Mokua. Akataka kukirudisha.

"Hapana," Ruqiya akasema, akipanga soksi mezani. "Ukishakichafua umekinunua."