Tangu Kamyo Iache Kuchemka Kibati

Kibati, Jumamosi tarehe 7 mwezi wa saba 1956

Kwa Papa Védaste, mukubwa wa mafundi, garaji ya kamyo za samaki, Goma

Papa muheshimiwa,

Mimi ni Apolline, muke wa shofere wako Télesphore tangu wiki tano. Kama kuna mwanamuke mwenye raha kuliko mimi kati ya Goma na Rutshuru, bado hajajitokeza. Masista wa sekondari walitufundisha kupanga malalamiko kwa namba. Yangu ni haya:

1. Ulitia antijeli, ile dawa ya maji ya injini, katika radiata ya kamyo ya mume wangu, tena uliitia vizuri mno. Ananisimulia kwa sifa: nusu antijeli, nusu maji safi ya mvua, vikorogwe kwanza katika ndoo, vimiminwe injini ikiwa baridi. Tangu hapo kamyo haichemki.

2. Zamani ilichemka kila Alhamisi ikitoka kubeba samaki Vitshumbi, mbele ya mulango wa baba yangu kabisa. Mutu hafungui radiata ya moto; anangoja. Télesphore alingoja saa nzima kwenye kiti chetu, akiniangalia kwa yale macho yake. (Papa, umeshayaona vizuri?) Ilichemka mara kumi na moja, akaleta posa. Tukajenga nyumba hatua ishirini kutoka pale, kwa hesabu kwamba itaendelea kuchemka pale pale.

3. Analala Vitshumbi na Goma wiki nzima. Jumapili tu ndiyo yetu. Alhamisi sasa anapita akipiga honi. Nimeolewa na honi, Papa.

4. Antijeli ni ya kuzuia maji yasigande kwa baridi ya Ulaya. Nani ameona radiata ikiganda Kibati? Utasema inazuia kuchemka pia. Hilo ndilo kosa lake.

Naomba basi Alhamisi utie maji matupu. Ukishindwa, robo antijeli, robo tatu maji. Na kwa haki, fanya hivyo kwa kamyo zote, maana wasichana wa barabara hii wataolewaje kama magari hayasimami? Tutabaki na samaki wabichi na wasichana wazee, na baada ya miaka ishirini hakutakuwa na mutoto wa kuendesha kamyo zako.

Nisalimie mama wa nyumbani, watoto, mafundi wote, na injini yenyewe. Sina chuki nayo.

Akuheshimuye, na apendaye mume wake kupita kiasi,
Apolline Nyiransengimana

N.B. Jumapili, baada ya misa. Nimemusomea Télesphore barua hii, akacheka hadi akamwaga chai. «Muke wangu, kamyo ile haikuchemka Kibati hata siku moja! Kila mara nilimwaga kopo la maji juu ya injini ya moto, mvuke ukatoka, nikaja kukaa. Papa Védaste alitia antijeli kwa sababu nilimulalamikia kila wiki kwamba inachemka, ili asiniulize kwa nini nachelewa.» Mara kumi na moja, Papa! Kwa ajili yangu! Nimelia kwa furaha. Basi nafuta yote: nusu kwa nusu, usibadili hata kikombe. Ameniahidi kwamba Alhamisi hii mupira wa gari utatoboka. Ninaomba tu usimupatie mipira mipya.