Soko la Utabiri kwa Kinyozi

Profesa hakuwahi kufundisha hata kuku, lakini jina lilimkaa. Siku alipogundua kwamba wateja wa kinyozi wanajua mpira wa miguu peke yake, na tenisi hawaijui hata chembe, aliona riziki imemfuata mlangoni.

Akarekodi fainali ya tenisi kwenye king'amuzi. Kesho yake akaiweka kwa kinyozi kama mbashara, kwenye televisheni yake kubwa, kitu pekee cha thamani alichokuwa nacho na alichokipenda kuliko ndugu zake. Neno "marudio" kwenye kona ya kioo alilibandika plasta. Simu zote zikaingia kapuni, eti zinavuruga mitambo. Watu wazima na ndevu zao wakazitoa!

"Hii si kamari, ndugu zangu," alisema, mkono kifuani. "Ni soko la utabiri. Unanunua hisa za mchezaji. Akishinda, kila hisa nakulipa elfu. Akishindwa, pole."

"Na bei?" akauliza muuza viatu.

"Inapanda na kushuka kufuata imani ya soko."

Imani ya soko ilikuwa yeye mwenyewe na kipande cha chaki.

Mchezaji waliyembatiza Kipara alibeba seti ya kwanza, watu wakamgombania kwa mia saba hisa moja. Profesa aliuza huku akiwaonea huruma ya dhati, maana alijua mpinzani wake, Mrefu, atachukua seti mbili zinazofuata, na ya nne ataongoza michezo mitano kwa mmoja. Hapo ndipo yeye, jana yake, alipozima televisheni akalala, king'amuzi kikaendelea kurekodi chenyewe. Mshindi keshajulikana, apoteze umeme wa nini? Basi aliyetaka hisa za Mrefu aliambiwa zimeisha.

Mitano kwa mmoja ilipofika, bei ya Kipara ikawa kumi tu. Hapo akaingia mama mkwe wake, mpiga pasi wa hotelini, ambaye friji yake Profesa aliipeleka kwa fundi mwaka jana na haijarudi mpaka leo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipe Kipara wa elfu tano."

Moyo ulimchoma. Mama mzazi wa mkewe, jamani! Ulimchoma mpaka alipozishika noti, kisha ukapoa.

"Mama, Kipara yuko hoi."

"Ndiyo maana namwonea huruma."

Noti hazijafika mfukoni, Mrefu akateleza, akaanguka ameshika kifundo cha mguu. Daktari akaja. Mrefu akajaribu kusimama, akatikisa kichwa, akampa Kipara mkono. Kajitoa! Kipara bingwa!

Duka zima likalipuka. Kila mtu mle ndani alikuwa na Kipara, kwani Profesa hakuwauzia mwingine. Wakamkamua mpaka mifuko ikabaki nje nje.

"Na hisa zangu mia tano?" akauliza mama mkwe, kisha akamsogelea sikioni. "Kule hotelini tunapiga pasi televisheni ikiwa wazi. Jana fainali hii niliitazama mpaka mwisho. Binti yangu kaniambia wewe ulizima ukalala."

Profesa akaruka. "Jamani, huyu mama mwizi! Mechi hii ni ya..."

Wote wakamgeukia. Kinyozi alikuwa na wembe mkononi.

"Ya nini, baba?" mama mkwe akauliza kwa upole.

Profesa akarudi nyuma hatua moja. "Ya kusisimua sana."

"Umesema kweli. Haya, wanaume, nisaidieni kubeba hii televisheni, ndiyo malipo yangu. Taratibu! Na hiyo plasta iacheni, nitaibandua mwenyewe nyumbani."