Kiongozi wa Mabadiliko, Chumba cha Pasi

Jumatatu, 4 Machi

Nimepanda cheo! Bosi kaniita ofisini, kanikalisha kwenye kiti chenye mto, kaniambia, baba mdogo (ndivyo anavyoniita tangu utoto wake), kuanzia leo wewe ndiye Kiongozi wa Mabadiliko. Sikuuliza mabadiliko gani. Nimepewa cheo, nianze kukichungulia kama kina mende?

Bosi mwenyewe ni binti wa marehemu Mzee, aliyekianzisha kiwanda chetu cha kufulia nguo. Alipokuwa mchanga alikuwa analala kwenye kapu la foronya nilizopiga pasi mimi, zikiwa bado vuguvugu. Hakulia hata siku moja! Leo ana miwani na anasema "mchakato".

Kumbe mabadiliko yenyewe ni mashine. Wameishusha mchana. Ina roli, gogo la chuma linalozunguka, refu kama kitanda cha jitu: shuka linaingia huku limekunjamana, linatoka kule limenyooka. Chumba cha pasi tuko sita, mimi msimamizi, kila mtu na pasi yake ya umeme. Bosi anataka niwahamishie wote kwenye mashine. Ijumaa anakuja kukagua meneja wa ile hoteli kubwa tunayoifulia mashuka. Akitukuta bado tunasukuma kwa mkono, mashuka anapeleka kwingine, na chumba cha pasi kinafungwa. Sote nyumbani.

Nikamwambia alale usingizi. Mimi si ndiye niliyenyoosha suruali ya mkubwa mmoja (simtaji), alipokaa akakunja nne, ule mkunjo ukachana kochi?

Jioni nimemweleza mke wangu. Kauliza hicho cheo kinafanya kazi gani. Nikasema kinaongoza. Kauliza kwenda wapi. Huyu mwanamke ana maswali!

Naandika hapa tu: cheo nakitaka. Mashine siitaki.

Jumanne, 5 Machi

Nimeitisha mkutano. Nimesimama juu ya kreti la sabuni. Nilianza vizuri: ndugu zangu, dunia inabadilika. Halafu, ili waone tulikotoka, nikagusia enzi za mkaa. Kidogo tu!

Nikawaeleza lile jiko katikati ya chumba, tukichota makaa na kutia kwenye pasi. Wanga unachemka kwenye sufuria. Redio dirishani, haisemi mpaka uipige kofi. Na Mzee anavyotupitia mmoja mmoja na chai, anajifanya anakagua kola, kumbe anatazama nani leo ana huzuni. Nikawaimbia na wimbo wetu wa kusukumia pasi, beti zote. Nikawasimulia nilivyonyoosha shati la polisi akiwa amelivaa, na akanishukuru.

Saa ya chakula imefika, bado niko enzi za mkaa. Kijiti, mwembamba kama mpini wa ufagio, niliyeanza naye kazi, analia waziwazi. Dada wa Foronya, mpiga pasi foronya, ambaye enzi hizo hata hajazaliwa, analia kumshinda. Wakaapa kwa pamoja: mashine hawaigusi! Wakanipigia makofi. Sijawahi kuongoza watu vizuri namna ile.

Bosi akachungulia. Mashine baridi, watu wanapangusa machozi kwa soksi za wateja. Kaniuliza taratibu, baba mdogo, ndiko unakowaongoza huku? Nikasema huo ni utangulizi.

Mama Sabuni alikuwa nyuma yake na ndoo. Ndiye mkuu wa chumba cha kufulia, na hanipendi tangu nilipomwambia nguo ni pasi, kufua kila mtu anaweza. Kasema hajaona kiongozi anayetembea kinyumenyume, na aangalie asije kukanyaga ndoo za watu.

Wivu.

Jumatano, 6 Machi

Nimeamka na mpango. Nishindane na mashine, mbele ya wote! Nikishinda, mashine inarudi ilikotoka, hoteli inafurahi, cheo kinabaki.

Nikachukua pasi ya mkaa ambayo mke wangu anazuilia mlango wa jikoni. Kasema mlango utajifunga. Nikamwambia historia haizuii mlango.

Fundi wa mashine, mtu mpole mwenye ovaroli safi mno, aliizunguka pasi yangu akauliza inachomekwa wapi. Nilicheka peke yangu. Kijiti akapepea makaa. Ah, ile harufu! Nikafumba macho. Nikamsikia Mzee anakohoa mlangoni, nikasikia wenzetu waliokwisha kwenda zao, yule aliyepiga mluzi, yule aliyeiba vifungo. Nikasukuma pasi kama nina miaka ishirini. Sijui nilikaa huko muda gani.

Nilipofumbua, chumba chote moshi. Mashuka ya hoteli, yale ya ukaguzi, meupe, kwenye meza na kwenye kamba, yote masizi. Shuka langu lina alama ya pasi katikati, imeiva vizuri kabisa.

Mama Sabuni aliweka ndoo chini kwanza. Akiweka ndoo chini kwanza, mtu afadhali akimbie. Kasema, nimeyafua haya kwa mikono hii, mgongo wangu haukodishwi! Kasema laiti ningekuwa doa, angeshanitoa siku nyingi.

Tumbo likaanza kuniuma. Nikaenda nyumbani. Mlango wa jikoni ulikuwa umejifunga.

Alhamisi, 7 Machi

Tumbo limeuma mpaka karibu na mchana. Nafika kiwandani, nasikia mngurumo. Mashine inafanya kazi!

Mama Sabuni kafua yote upya. Kwa pasi za mkono yasingewahi kesho, basi wamemwomba fundi awaelekeze. Wenyewe! Bila hotuba! Kijiti analisha huku, Dada wa Foronya anapokea kule, wanataniana. Na wanaimba. Wimbo wetu wa mkaa! Kijiti anaanzisha, wenzake wanaitikia, na kila wakifika kiitikio shuka linachomoza.

Sikuingia. Nimesimama nyuma ya mlango na chakula changu mkononi. Wimbo wako unaimbwa, umekolea, na wewe haumo.

Kisha nikamwona Bosi. Hakujua nipo. Kachukua shuka lililotoka sasa hivi, kaliweka shavuni, kafumba macho. Mzee alifanya vilevile. Kila jioni nguo ya mwisho anaiweka shavuni, akiridhika anasema haya, nendeni mkapumzike. Bosi kakaa hivyo kitambo. Halafu kwa sauti ndogo kasema, haya, nendeni mkale.

Kitu kikaniingia jichoni. Wanga, nadhani. Ingawa siku hizi hatutumii wanga.

Ijumaa, 8 Machi

Meneja wa hoteli amekuja. Suti, tai ya hariri, anagusa kila kitu kwa kidole kimoja. Bosi alikuwa ameniomba mapema, baba mdogo, nisaidie jambo moja tu: leo usifanye kitu. Nikakubali kwa moyo mweupe.

Lakini pembeni mwa meza kulikuwa na shuka lenye mkunjo. Mbele ya mgeni! Mikono ikaondoka yenyewe. Sasa, zamani nguo tulilowesha kwa mdomo: unabugia maji, unapuliza, unatoka ukungu laini. Mimi nilikuwa bingwa. Nikipuliza asubuhi, upinde wa mvua unaonekana mtaa wa pili.

Nikabugia maji ya beseni. Nikapuliza. Nilisahau kwamba meno mawili ya mbele siku hizi sinayo. Haukutoka ukungu. Ilitoka mvua. Shuka, meza, tai ya hariri.

Kijiti kakumbatia shuka lake kama anayeagana nalo. Dada wa Foronya kajiziba mdomo kwa foronya, asicheke.

Meneja kauliza, sauti nyembamba kama uzi, kwamba wageni wake siku zote wamekuwa wakilalia mate ya huyu? Bosi hakupepesa jicho. Kasema la hasha, hivyo ndivyo ilivyokuwa enzi za baba yangu; mzee wetu anakuonyesha kwa nini tumebadilika. Karibu huku. Kamshika mkono mpaka kwenye mashine. Kijiti akalisha. Shuka likatoka limenyooka, la moto, hakuna mdomo uliolikaribia. Meneja akaligusa kwa kidole. Kisha kwa kiganja kizima.

Mashuka yanabaki! Na vitambaa vya meza ataleta! Ila huyu mzee, kasema, asiyasogelee.

Shangwe! Hata Mama Sabuni kampa Kijiti mkono. Mimi walinibeba juujuu. (Walikuwa wananitoa karibu na beseni, lakini kubebwa ni kubebwa.)

Jumatatu, 11 Machi

Nimetafakari Jumapili nzima. Sasa naona wazi: nilipanga kila kitu. Moshi ulikuwa wa kuwasogeza kwenye mashine. Mvua ilikuwa ya kumwonyesha meneja tofauti. Nimemweleza mke wangu, kacheka mpaka kakaa chini.

Bosi kanihamishia mapokezi. Kasema wateja wanapenda hadithi, na kule hakuna bomba. Mama mmoja alifuata koti lake asubuhi; nikamgusia enzi za mkaa. Kaondoka anafuta machozi. Koti kaliacha.

Sasa nasikia chumba cha kufulia nacho kinaletewa mashine mpya, na Mama Sabuni kagoma kabisa. Maskini, hana wa kumwongoza. Nimejitolea kabla hawajaniomba. Bosi kavua miwani, kajishika paji la uso. Furaha, bila shaka.

Jioni nimemuuliza mke wangu lile karai la kufulia la marehemu mama liko wapi. Nina wazo la mashindano.