Shemeji, Maji na Tumbo Langu

Jumatatu, 6 Mei
Mkuu wa chuo ametangaza: atakayepima vizuri nguvu ya kitu kinapopiga maji, mbele yake siku ya Ijumaa, ndiye msimamizi mpya wa maabara. Tumebaki wawili, mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Cheo ni changu! Miaka kumi na moja nasugua tangi la maji la maabara ile. Nimeweka mizani ya jikoni chini yake, tayari kuangusha mpira wa chuma. Mizani imepasuka kabla sijaangusha chochote. Nilisahau kwamba maji yenyewe ni mazito.

Jumanne, 7 Mei
Mke wangu kaulizia mizani yake. Nimemwambia iko kazini, inajenga taifa. Kanuna. Shemeji kafunga kipimo kidogo cha nguvu kwenye mpira wake wenyewe. Anaangusha, anaandika, anapiga mluzi. Nilimuuliza kajuaje. Eti alisoma maelekezo. Mtu mzima!

Jumatano, 8 Mei
Shemeji alipokwenda kula nikaazima kipimo chake bila kumsumbua kwa kumwambia. Nikakibandika kwa gundi kwenye mpira wangu. Fundi bomba wa chuo, aliyekuwa akipita, akanionya kwamba gundi ile haipatani na maji. Nikamwambia ashughulike na mabomba yake. Mpira ukazama huku, kipimo kule. Shemeji akanikuta mkono uko majini hadi kwapani. Nikasema namsafishia tangi. Akanishukuru! Nilitamani kulia.

Alhamisi, 9 Mei
Nimegundua! Wakubwa hupenda namba kubwa, na namba kubwa hutaka kitu kikubwa. Kitu kikubwa kuliko vyote nilivyonavyo ni mimi. Nimeomba bwawa la kuogelea la chuo. Mke wangu kasema nitaumia. Hana imani na sayansi.

Ijumaa, 10 Mei
Kipimo kingine cha maabara tumboni, mkanda umekaza. Nikapanda ubao wa kurukia, nikamsalimu mkuu, nikateleza. Tumbo likatangulia. Paa! Namba yangu ni mara sita ya ile ya shemeji! Mkuu akauliza nimerudia mara ngapi. Nikasema mara moja tu, imetosha. Akasema kipimo cha mara moja si kipimo. Shemeji alikuwa amerudia mara mia na ishirini. Kapewa cheo yeye, na ndiye aliyenivuta kutoka majini. Imeniuma, tena si tumbo tu.

Jumamosi, 11 Mei
Naandika nimelala chali. Mke wangu ananikanda, anauliza kama sasa nimejifunza. Nimejifunza sana. Shida ilikuwa kutorudia. Mara moja nimeshamaliza, zimebaki mia moja na kumi na tisa. Bwawa linafunguliwa Jumatatu saa mbili.