Hatua Kumi Nyuma ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Mei
Guta bado langu! Baba mkwe ametuma neno kupitia mayu Nyanzala, mama mkwe wangu. Ile pikipiki ya magurudumu matatu niendelee kubebea nyanya kwenda soko la Mpanda, mpaka mume wangu, baba Mwandu, arudi kutoka shambani Kasekese. Ila nikiliumiza, hata mkunjo mmoja tu, linakwenda kwa shemeji Hezron akabebee matofali. Yaani mimi nirudie beseni kichwani, kwa miguu kutoka Kakese, nifike nyumbani saa tisa na Mwandu wangu wa miezi kumi na moja analilia titi. Sikubali!

Adui yangu ni muuzaji mwenzangu, Sikujua. Naye ana guta, naye ana nyanya. Mama Romana wa mgahawa ananunua kwa anayefika kwanza. Leo kafika Sikujua. Mimi nimekaa na mafungu juani hadi saa saba, maziwa yananilowesha blauzi.

Nimepata akili. Kesho namganda nyuma mpaka aogope, apishe.

Jumanne, 5 Mei
Nimemganda! Nilikuwa karibu hadi nikasoma maandishi ya nyuma ya guta lake herufi kwa herufi: MUNGU HACHELEWI. Nikapiga honi. Hakupisha. Nikapiga tena. Mbuzi akakatiza. Sikujua akashika breki. Mimi nilikuwa nimeshika honi.

Guta lake halina hata mchubuko, lina bomba la chuma nyuma. Langu, madigadi ya mbele, lile bati la juu ya tairi, imejikunja kama chapati. Sikujua akashuka akaniuliza nyie wa Kakese breki mnazitunzia Krismasi?

Akaja trafiki, afande Makarius. Nikamweleza vizuri tu kwamba kosa ni la mbuzi. Akasema anayegonga kwa nyuma ndiye mwenye kosa, kwa nini hukuacha nafasi? Nikamuuliza, na mbuzi je? Akasema mbuzi alikuwa mbele. Kaniachia kwa onyo, eti anamhurumia mtoto anayeningoja nyumbani.

Nyumbani nimeanika nepi za Mwandu juu ya madigadi. Mayu kauliza kwani kamba imekatika? Nikasema chuma kinakausha haraka.

Jumatano, 6 Mei
Asubuhi namnyonyesha Mwandu, akili ikafunguka yenyewe. Kama mwenye kosa ni wa nyuma, basi mimi nikae mbele nigongwe! Afande anaandika, Sikujua anatengeneza, na madigadi yangu inanyooshwa humo humo. Darasa la saba lakini kichwa ninacho.

Nikawahi mbele. Nikashika breki ghafla. Sikujua akasimama, mbali kule. Nikashika tena. Akasimama. Mara ya tatu akashuka, akanifuata, akaniuliza mdogo wangu, unaumwa? Akanipa chungwa nimpelekee mtoto. Kisha akanipita, akauza nyanya zote.

Mtu gani huyu asiyegonga?

Chungwa lilikuwa tamu. Limeniudhi.

Alhamisi, 7 Mei


Narudi kutoka sokoni, matiti yamejaa, nawahi. Mbele yangu mkokoteni wa ng'ombe, magunia ya mpunga, umetanda njia nzima. Juu yake mzee kajifunika shuka, kofia hadi masikioni. Nikaganda nyuma. Honi. Hageuki. Honi. Nikapaza sauti: mzee, kwani barabara hii umeitolea mahari?

Ng'ombe mmoja akasimama akojoe. Ng'ombe hana taa ya breki. Puu!

Mzee akageuka. Baba mkwe!

Mtu aliyetoa ng'ombe kumi na wawili kwa ajili yangu. Kwetu Wasukuma mke wa mtoto hamsogelei baba mkwe, hamtazami usoni, na maneno yao yanapitia kwa mtu wa katikati. Mimi nimemgonga. Nikaruka, nikajitupa kwenye shamba la mihogo, kanga kichwani.

Mtu wa katikati hakuwepo. Baba mkwe akakohoa, akamgeukia ng'ombe wake, jina lake Dokta.

"Dokta, mwambie mama Mwandu atoke kwenye mihogo ya watu. Mtoto analia huko nyumbani."

Nami nikajibu huko huko mihogoni: "Dokta, mwambie baba shikamoo. Halafu mwambie aliyesimama bila ishara ni wewe."

Dokta anatafuna.

"Dokta, muulize. Nyumbani ananiachia nafasi ya hatua kumi. Barabarani mbona ananipumulia kisogoni?"

Nikazidi kujikunyata mihogoni.

Taa ya mbele imekufa kabisa.

Ijumaa, 8 Mei
Kikao cha familia. Hezron kaja na kitambaa cha kufutia, tayari anasema "guta langu". Mayu kafunua nepi, kaiona madigadi. Nimekiri yote, hadi chungwa. Nikalia. Mwandu aliponiona nalia, akanishinda kwa kulia.

Baba mkwe alikuwa nje, upande wa pili wa ukuta, anasikia. Mayu akatoka, akarudi na neno. Mtoto hawezi kukosa titi kwa sababu mama yake ana haraka. Guta linabaki! Madigadi na taa, Hezron atanisaidia kutengeneza. Sharti ni moja. Kati yangu na chochote kilicho mbele, kiwe gari, kiwe ng'ombe, ziwepo hatua kumi. Nikipunguza hata moja, guta kwa Hezron.

Nimeapa. Nimebadilika, kweli kabisa. Hezron kakunja kitambaa chake polepole.

Jumamosi, 9 Mei
Nimeacha hatua kumi. Bodaboda ikaingia katikati. Nikapunguza mwendo, nikaacha kumi nyingine. Baiskeli ya mkaa ikaingia. Nikaacha kumi. Akaingia mbuzi, nadhani ni yule yule. Kwa namna hii nitafika Mpanda siku ambayo Mwandu anaoa.

Nilipofika, nyanya za Sikujua zilishakuwa mchuzi kwa Mama Romana. Sikujua kanisifia, eti siku hizi naendesha kama mtu mzima. Nimeumia kuliko siku ya mbuzi.

Jumapili, 10 Mei
Mwandu ametembea!

Kaachia mlango mwenyewe, mikono juu kama mlevi wa sikukuu, macho kwangu tu. Nikawa namhesabia kwa sauti, mayu anapiga vigelegele. Moja, mbili, akayumba, tatu… Ya kumi kaniangukia kifuani. Kumi kamili! Nimelia mpaka kanga imelowa. Baba mkwe kasikia huko nje, kamwambia Dokta eti huyu mtoto atakuwa mchunga ng'ombe hodari.

Baadaye nimeketi nimemkumbatia, naangalia alikotokea. Mlangoni hadi kwenye mkeka. Si mbali. Nimeinuka nikapapima kwa kanga. Kanga moja na kipande.

Hatua kumi.

Sasa, baba mkwe hakusema hatua za nani.

Nimefunga fundo kwenye kanga kuweka alama. Kesho, Sikujua, tuonane.