Vinu Vinne Chini ya Gari la Didas

Jumatatu, 1 Septemba 1975

Mwalimu wa kisomo kasema tuandike kila siku, hata mistari miwili. Haya. Mimi Mashaka, kibarua wa barabara, Misugusugu. Mke wangu alifariki mwaka juzi. Leo nimechimba mtaro mpaka saa tisa.

Nimeposa Dutumi. Mwanamke anaitwa Mwanakheri, naye kafiwa na mume. Kaka yake, Mwinyijuma, kasema jibu nikachukue Ijumaa, kabla ya mfungo. Lakini nasikia na mtu wa Kisarawe kapeleka posa. Ana mikorosho. Mimi nina sururu, na hiyo yenyewe ya serikali.

Nimepata akili. Bwana Didas, karani, jirani yangu, ana gari la spoti. Alinunua kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Jekundu, viti viwili, limelala chini mpaka kuku anainama kupita. Halitembei. Ekzosi imekatika, inaburuza. Nimemwambia nitamnyanyulia, yeye aingie chini afunge ekzosi, Ijumaa anipeleke Dutumi. Kakubali. Ila kasema linyanyuliwe kwa usalama, ana watoto.

Wa mikorosho atakuja kwa miguu. Tuone.

Jumanne, 2 Septemba

Jeki haiingii. Gari liko chini mno. Didas anasema gereji za mjini zina stendi za chuma. Gari linawekwa juu, jeki inatolewa, mtu anaingia chini bila wasiwasi. Hapa stendi hakuna.

Zahoro kajileta bila kuitwa. Ni utingo wa lori la ushirika, basi anajiona injinia. Kasema kwanza ardhi iwe ngumu. Matairi yanayobaki chini yawekewe mawe. Stendi ikae kwenye chuma kinene, si kwenye bati la sakafu. Na kabla mtu hajaingia, gari litikiswe. Nikamwambia kazi yake kufunga turubai. Akasema afadhali turubai, mzee, halijamlalia mtu akafa.

Sitaki ushauri wake.

Jioni nimepita kwa jirani Zubeda, anatwanga. Kinu cha mninga, kizito, kimetulia. Nimekitazama mpaka akaniuliza kulikoni.

Jumatano, 3 Septemba

Vinu vinne vimepatikana. Kinu cha marehemu mke wangu walichukua dada zake baada ya arobaini, kwa hiyo nimeazima. Kimoja kwa Zubeda. Viwili kwa Bertha wa Sofu, muuza kisamvu. Cha nne kwa mama yake Zahoro, Zahoro akiwa safarini. Hicho nimekibeba kwa raha.

Sikutaja gari. Nikitaja, habari itafika Dutumi kabla yangu, na mimi nataka waone wenyewe. Nimesema nina wageni. Zubeda kauliza wageni gani wanakuja kutwanga. Nikasema wa kawaida. Wanaume au wanawake? Nikasema mchanganyiko. Kanipa, lakini kwa jicho baya. Kasema Ijumaa anakitaka, vunjajungu ya kukaribisha mfungo imefika.

Nilisahau jambo moja. Zubeda ni mama mdogo wake Mwanakheri.

Alhamisi, 4 Septemba

Gari liko juu. Vibarua wenzangu wamekuja, tumelibeba kwa mikono kama kitanda, mbele kwanza, nyuma baadaye. Vinu chini, midomo juu, chuma cha gari kimekaa juu ya midomo. Didas kauliza kwa nini visigeuzwe, mdomo ukae chini. Nikamwambia kinu kimetengenezwa kupokea kutoka juu. Kaenda kutafuta spana. Uani kwake ni mchanga mtupu, vinu vimezama kidogo. Nimeona ni vizuri, vimeshika.

Didas kaomba ruhusa kazini, ataingia chini kesho asubuhi.

Mchana Zubeda kaja, kasimama mlangoni, hataki kukaa. Salamu kutoka Dutumi. Mwanakheri anauliza ni mwanamke gani anatwanga kwangu, na kama wako wanne, maana vinu ni vinne. Nikasema hakuna mwanamke. Akasema basi wanatwanga majini. Nikasema ni siri mpaka kesho. Akasema haya baba, nitapeleka hivyo hivyo.

Usingizi hauji. Naiona mikorosho tu.

Ijumaa, 5 Septemba

Didas kavaa kaputula, kalala chali, spana mkononi. Kabla hajajisukuma chini ya gari, wanawake hao. Bertha mbele, Zubeda, mama yake Zahoro. Zahoro nyuma yao, karudi safari kakuta nyumbani hakuna kinu. Na Mwinyijuma na baiskeli yake, katumwa aone hao wake zangu.

Wakasimama. Wakatazama vinu. Mwinyijuma kaniuliza wageni ndio hawa. Nikasema ndiye huyo mmoja, mwekundu.

Zahoro kamshika Didas mguu, kamvuta pembeni. Kasema ngoja, litikiswe. Nikamkataza. Kaweka mkono kwenye madigadi, akasukuma, wala si kwa nguvu. Kinu cha Zubeda kikapasuka toka mdomo mpaka kitako. Cha mama yake kikalala mchangani. Spoti likashuka, likakaa pale pale Didas alipotaka kuweka kichwa.

Didas kajipangusa mchanga. Kaenda kukaa kizingitini na spana yake.

Wanaume tukanyanyua tena, Bertha akatoa vyake. Kasema hata kisamvu nisije kununua. Mwinyijuma kapanda baiskeli, mabega yanamtikisika. Sikujua ni hasira au nini.

Jibu sikwenda kuchukua. Nitakwenda na uso gani.

Jumamosi, 6 Septemba

Vunjajungu. Kila nyumba inanukia wali. Mimi nina muhogo.

Zubeda kaja, safari hii kakaa. Anasema Mwinyijuma alisimulia yote jana. Alipofika kwenye mguu wa Didas, Mwanakheri akaweka ungo chini, akacheka mpaka akakaa. Kasema yule wa Kisarawe kaja mara tatu, kila akija anamhesabia miti. Kasema huyu mwenye vinu angalau hatachosha.

Jibu ni ndiyo. Baada ya Idi. Kinu cha mama mdogo nilipe kipya. Na nije kwa miguu.

Nimeshindwa hata kumalizia muhogo. Zubeda kaongeza la kwake, kwamba niende nikamshukuru Zahoro, bila yeye leo tungekuwa tunazika. Nimesema nitafikiri.

Jumapili, 7 Septemba

Siku ya kwanza ya mfungo. Nimefikiri.

Zahoro ndiye aliyeharibu. Vinu vilitulia toka Alhamisi, usiku mzima, hakuna aliyevigusa. Kaja yeye kutikisa. Kitu chochote ukikitikisa kitaanguka, hata nyumba. Na gari lenyewe limefanya kazi. Bila gari Mwanakheri angecheka nini?

Kasema nije kwa miguu. Sawa. Kuondoka na bibi harusi kwa miguu hakusema.

Kambini kwetu kuna mapipa matupu ya lami. Yananifika kifuani. Chuma, hayapasuki kama mninga. Na gari likikaa juu hivyo, Didas hana haja ya kulala chini, atafunga ekzosi amesimama. Bado hajajua. Nitamweleza akishapoa.

Baada ya Idi lori la ushirika linakwenda Mtwara, na Zahoro wake. Safari hii hakuna wa kutikisa gari la Didas.