Kofia ya Kutu Yavuka Bonde

Tak-tak-tak, cherehani ya chumba cha pili ililia, kisha ikanyamaza. Bado giza. Sukari alifungua jicho moja. Ukuta wa pale ulikuwa mwembamba kama ahadi zake, na kupitia humo alisikia mapanga yakigongana, mnyama akinguruma, na mama mshonaji akisema kwa upole, "Dada, kaa nyuma yangu. Waache wanipige mimi."

Sukari akafungua jicho la pili.

Mchezo ule wa simu aliujua, ndio uliomlisha. Kazi yake ilikuwa kuwapa wachezaji kinachong'aa na kuchukua kinachofaa. Hivyo ndivyo kinyozi alivyopoteza ngao yake, na mwalimu wa hesabu, Mungu amsaidie, viatu vyake vya kukimbilia. Sukari hakuuita wizi. Aliuita ushauri. Alijua bei ya kila kifaa. Kinafanya nini hasa, hilo aliwaachia wanaopigana.

Kulipokucha akabisha hodi, simu mkononi.

"Karibu, mwanangu. Kaa hapo, sogeza hizo nguo."

"Nimekuja kukusaidia, mama. Nasikia wewe ni tanki."

Tanki ni yule anayetangulia mbele na kupokea kipigo ili wenzake wapone. Mama mshonaji alimkinga mtu mmoja tu, dada yake mkubwa, mganga wa safari zao. Dada alihamia mji wa mbali, na miguu haikumruhusu tena kusafiri, kwa hiyo wawili hao walikutana humo mchezoni kila alfajiri. Mganga huyo alibakiwa na uhai mmoja. Akiuawa tena, anafutwa, na miaka mitatu ya kutembea pamoja inafutika naye.

Kilichomlinda ni kofia ya chuma ya mdogo wake, yenye kutu, mbaya kama sufuria iliyokanyagwa na lori. Sukari alijua kwamba wanunuzi wa soko la ng'ambo ya bonde waliililia.

"Mama, kofia hii inakuzeesha. Tazama yangu, dhahabu tupu! Ulinzi wako utapanda mara mbili."

"Ulinzi wangu umefika ukomo, mwanangu. Ukizidi hapo mchezo hauhesabu. Ni kumimina maji kwenye ndoo iliyojaa."

Sukari akakohoa. Mteja anayejua hesabu ni kokoto kiatuni.

"Lakini kupendeza je? Dada yako asikuone umependeza hata siku moja?"

Mama mshonaji akakata uzi kwa meno, akafikiri.

"Utaipeleka wapi?"

"Ng'ambo ya bonde, sasa hivi."

"Na mfuko wako una nafasi?"

"Umejaa pomoni. Vitu vya watu… vya biashara."

"Kwa hiyo utaivaa."

"Kichwa ninacho, mama."

"Haya, tubadilishane."

Wakabadilishana. Sukari alijipongeza moyoni kwa unyenyekevu mkubwa.

"Ngoja nikusindikize," mama akasema. "Mgeni hatoki peke yake." Na kweli, kwenye simu mbili zilizolala juu ya meza ya kukatia nguo, askari mnene akamfuata mchuuzi mwembamba hadi lango la mji. Ndani ya kuta hakuna anayeumizwa. Nje, ukifa mfuko wako unamwagika, na anayeokota ndiye mwenye mali.

"Mwanangu, nakwambia kweli. Usiivae bondeni. Inaita wanyama. Acha kitu kimoja hapa langoni, uitie mfukoni."

Sukari alicheka hadi kiti kikalia. "Mama! Maneno hayo mimi ndiye fundi wake! Mtu akishajuta, anaanza kutisha."

"Inawaita kweli."

"Na waitike!"

Waliitika. Bonde lile alishalivuka mara mia bila hata chui kumtupia jicho. Leo, mama akimfuata nyuma, fisi wa kwanza aligeuka, akamwita mkewe. Nyoka wakatoka mashimoni. Nguruwe wawili waliokuwa wakipigana wao kwa wao wakapatana.

"Mama, simama mbele yangu! Wewe si tanki?"

"Nitasimama, lakini watanitazama vipi, na kofia unayo wewe?"

Sukari akafa. Alikufa vibaya, kwa kelele nyingi kuliko zilizohitajika. Mfuko ukapasuka, vitu vikatapakaa majanini. Mama mshonaji akaanza kuokota taratibu, kama mtu anayeanua nguo: kwanza kofia yake, akaivaa, kisha kile kingine chote.

"Mama, vile ni vyangu!"

"Ngao ni ya kinyozi. Viatu ni vya mwalimu, maskini, tangu avikose anakuja huku anachechemea. Nitawapelekea."

Sukari akafufuka langoni, mtupu kama kiazi kilichomenywa. Mama akamtazama, akasikitika kweli. Akamrudishia ile kofia ya dhahabu.

"Vaa, mwanangu. Usitembee hivyo mbele za watu."

Sukari akaivaa, akachukua simu yake, akasimama. Alikuwa ameshafika kizingitini mama alipomwita.

"Uje tena," akamwambia, na alimaanisha. "Hasa mfuko ukijaa."